Mistari Miwili ya Mke Mdogo

Bi Kopo alikuwa haamini hata uji aliokoroga mwenyewe. Aliunusa kwanza, akauonja kwa ncha ya ulimi, akamwangalia aliyekaa jirani anaunywaje, na jirani akishabaki hai kwa muda wa kutosha, ndipo naye akanywa. Pale kwenye makao ya wazee walisema kwamba hata akiota ndoto njema, huamka akatazama chini ya mto ajue ni nani aliyeiweka.

Hakuzaliwa hivyo. Soko ndilo lililomfundisha. Tangu usichana wake mpaka magoti yalipoanza kulia kama bawaba kavu, aliuza maharage kwa kopo la bati, na kopo lile lilikuwa na kitako kilichobonyezwa kwenda ndani kwa ustadi mkubwa. Siku moja mkaguzi alikuja akalipima, akalipindua, akaligonga kwa kucha, akaondoka akilisifu, na maharage kapewa juu. Basi mtu aliyepunja watu kwa raha namna ile, yeye mwenyewe aliona kupunjwa kila mahali: kwenye kijiko cha sukari, kwenye upana wa blanketi, hata kwenye salamu. Ukimwambia "habari za asubuhi" bila kuuliza na za jana, alihesabu kwamba umebaki na kitu.

Na mtu aliyemshuku kuliko wote duniani alilala kitanda cha pili, chumba hicho hicho. Huyo alikuwa Bi Mdogo, mke mwenza wake.

Marehemu mume wao alikuwa seremala, mwanamume mpole aliyewaogopa wake zake kuliko radi. Kila alichokileta nyumbani alikigawa sawasawa. Akinunua kitambaa, ni viwili, rangi moja, urefu mmoja. Akileta samaki, anampasua katikati kuanzia kichwani, jicho huku, jicho kule. Siku alipong'oka jino, inasemekana alitembea nalo mfukoni hadi akalipoteza, kwa kukosa namna ya kuligawa. Pamoja na hayo yote Bi Kopo alikuwa na hakika kwamba jicho la samaki la upande wa pili lilikuwa nono zaidi.

Bi Mdogo naye hakuwa malaika. Kifua chake kilikuwa dhaifu tangu ujana, hilo kweli, lakini alijua kukitumia. Ikifika zamu ya Bi Kopo kukaa na mume, ng'ambo ya ukuta kilianza kikohozi. Kho-kho, kimya. Kho-kho, kimya. Kikohozi chenye adabu, kinachosubiri kusikilizwa. Seremala alinyanyuka na taa, akaenda kumtazama mgonjwa, na taa ikasahau njia ya kurudi. Bi Kopo alikaa macho akikisikiliza kikohozi kile mpaka akakijua kama mwimbaji anavyojua wimbo wake. Cha uongo kilikatika vizuri, kama kitambaa kilichopindwa. Cha kweli kilimalizika kwa mluzi mwembamba kutoka chini kabisa ya kifua, na huo mluzi hakuna aliyeweza kuuiga, hata Bi Mdogo mwenyewe.

Seremala alipofariki na paa likaanza kuvuja, mtoto wa Bi Mdogo, ambaye kazi yake ilikuwa mbali, aliwaleta mama zake wote wawili kwenye makao ya wazee. Kila mmoja aliomba chumba cha peke yake. Kilichokuwepo kilikuwa kimoja, cha vitanda viwili. Bi Kopo alipima kwa shubiri umbali wa kila kitanda na dirisha, akachukua cha karibu. Kesho yake akadai wabadilishane, kwa sababu Bi Mdogo hakulalamika, na asiyelalamika bila shaka amepata kizuri.

Hivyo ndivyo walivyokuwa wakiishi mafua yalipoingia.

Yaliingia na Mzee Honi. Huyu alikuwa dereva wa malori mstaafu, na akikohoa ukumbini watu walipisha kana kwamba gari linarudi nyuma. Asubuhi moja, wakati wa chai, alipiga chafya ambayo, kwa maelezo ya waliokuwa meza ya pili, ilizima jiko na kufunua kalenda ukutani mpaka mwezi wa mbele. Nesi alikuja na kijiti chembamba chenye pamba, akakizungusha puani mwa mzee, akakichovya kwenye kichupa, akadondosha matone juu ya kipande kidogo cha plastiki. Wakasubiri kidogo. Ikatokea mistari miwili.

"Ni homa ya mafua," nesi akasema. "Si yale mafua ya kufuta na leso. Hii kwa mtu mwenye umri wenu inaweza kushuka kifuani ikawa balaa."

Makao yakageuka siku hiyo hiyo. Viti vya ukumbini vikaachanishwa. Madirisha yakafunguliwa pande zote. Kila kikombe kikafungwa uzi wa rangi yake, na ole wake atakayenywea cha mwenziwe. Mlangoni kikawekwa kichupa cha dawa ya kupaka mikono, inayonuka kama kilabu. Wageni wakazuiwa getini. Nesi na wahudumu wakavaa barakoa, wakabaki macho tu.

Wazee wengine walinung'unika kidogo wakatulia. Bi Kopo ndiyo kwanza alianza kazi.

"Anayefunika mdomo anaficha nini?" alimuuliza nesi.

"Anaficha mate yake, bibi."

"Zamani hamkuwa na mate?"

Kilichomkosesha usingizi hasa kilikuwa vyumba vya nyuma. Wenye mistari miwili walihamishiwa huko, ng'ambo ya kiwanja kidogo, kila mtu na chumba chake na mlango wake. Bi Kopo alijibanza dirishani kutwa nzima akiangalia. Aliona nesi akienda huko mara kwa mara, kila mara na joho jipya la plastiki. Aliona mablanketi ya ziada. Aliona sahani za chakula zikipelekwa, na sahani zile zilikuwa zimefunikwa.

"Za kwetu hazifunikwi," alimwambia mwenziwe.

"Zitakuwa zinapoa njiani," alisema Bi Mdogo.

"Uji wa kawaida nani aufunike? Kinachofunikwa kina nyama. Sisi tunaachiwa maji ya dengu hapa, wao wanalishwa kama wajawazito."

"Mbona una wivu na wagonjwa, Bi Mkubwa?"

"Nani kakwambia ni wagonjwa? Huyo Honi nimemwona anacheka peke yake."

Bi Mdogo akajibu kwa chafya. Halafu nyingine. Bi Kopo akageuka taratibu, akamkazia macho, kwa maana chafya ile ilikuja wakati mzuri mno.

Nesi naye aliisikia kutoka kwenye ujia. Akaja na sanduku lake, akawapima wote wawili kwa kuwa wanalala pamoja. Bi Mdogo alitulia, machozi yakamtoka kidogo. Bi Kopo alidai kuonyeshwa kijiti kabla na baada, na kilipoingia puani alimshika nesi mkono, akamuuliza kama anatafuta ubongo.

Vipande viwili vya plastiki vikalazwa juu ya meza iliyokuwa katikati ya vitanda. Nesi alitaka kuandika majina, kalamu ikakataa kuandika juu ya plastiki. Akaitikisa, akaipulizia, wapi. Akasema, "Basi. Hiki cha upande wa dirisha ni cha Bi Kopo. Hiki cha upande wa mlango ni cha Bi Mdogo. Msiviguse, nakwenda kuchukua kalamu nyingine." Hajafika mlangoni, kengele ikalia ukumbini: kuna mzee kateleza bafuni. Nesi akatoka mbio.

Bi Mdogo aligeukia ukuta akasinzia. Bi Kopo akabaki ameviangalia vile vipande kama paka anavyoangalia shimo.

Mstari wa kwanza ukatokea kwenye kila kimoja. Vizuri, akasema moyoni, sawa kwa sawa. Akaendelea kuangalia. Kwenye chake hapakutokea kitu kingine. Kwenye cha Bi Mdogo, polepole, kama mtu anayechungulia mlangoni, ukaja mstari wa pili.

Bi Kopo akasogeza uso. Akakipindua kichwa chake huku, akakipindua kule. Hakuna ubishi. Mke mdogo mistari miwili, mke mkubwa mmoja.

Mtu mwingine angewaza homa. Bi Kopo aliwaza chumba chenye mlango, blanketi la ziada na sahani iliyofunikwa. Akayakumbuka yale macho ya samaki. Maisha yake yote kulikuwa na mtu wa kupasua katikati, na sasa mtu huyo hayupo, tazama jinsi vitu vinavyogawanywa. Na Bi Mdogo yule, mwerevu yule, kajilalia zake akijifanya hana habari.

Akanyoosha kidole. Akasukuma kipande cha upande wa mlango kikaja dirishani, na cha dirishani kikaenda mlangoni. Kisha akalala chali, akafumba macho, akapumua kama mtu aliyefika peponi kabla ya foleni.

Nesi aliporudi alikuwa anahema. Aliangalia meza, akakunja uso kidogo.

"Pole, Bi Kopo. Ni wewe. Inabidi uhamie nyuma kwa muda."

"Mungu ndiye mpangaji," akasema Bi Kopo, tayari ameshika kifurushi chake.

Bi Mdogo alikaa kitandani akamtazama akiondoka. Akataka kusema neno, akapiga chafya badala yake.

Chumba cha nyuma kilikuwa na kitanda, ndoo, kiti kimoja na dirisha linalotazama kiwanja. Nesi alimpa kidonge, akakimeza kwa fahari. Mchana ikaja sahani iliyofunikwa. Bi Kopo alingoja mhudumu aondoke, akanawa mikono, akavuta kiti, akafunua.

Maji ya dengu.

Alikoroga chini akidhani nyama imezama. Akamwita mhudumu kupitia mlangoni akamuuliza kwa nini basi wanafunika.

"Ili asikohoe mtu juu yake, bibi. Huku kila mtu anakohoa."

Hapo ndipo alipoanza kuona kwamba amenunua gunia la mchanga. Hakuwa na mtu wa kumbishia. Alisema kwa sauti kwamba blanketi hili ni fupi, na hakuna aliyemjibu kwamba yeye ndiye mrefu. Akabaki akimsikiliza Mzee Honi, aliyekuwa chumba cha jirani, akikohoa kwa gia ya kwanza.

"Mzee, unaendeleaje?" akamuuliza kupitia dirishani.

"Mlima tu, mama. Siku ya kwanza nilitema zile dawa. Nilidhani wanataka kunilaza wapekue sanduku langu." Akapumzika, akavuta pumzi. "Nesi anasema ukizianza mapema zinakushika mkono. Ukichelewa, unapanda peke yako. Mimi nilichelewa. Wewe meza tu."

Bi Kopo akarudisha kichwa ndani. Maneno yale yalimkaa vibaya.

Kesho yake, ng'ambo ya kiwanja, dirisha la chumba chao likiwa wazi, alisikia kikohozi. Kho-kho. Akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Haya, ameanza. Ameona mume hayupo, sasa ananikoholea mimi. Anajua nilichofanya, hakuwa amelala, anataka nafsi inisute. Akageuza kiti akakipa dirisha mgongo.

Kikaja tena. Safari hii alisikiliza kwa makini, kwa nia ya kumnasa. Kho-kho-kho, na kabla hakijakatika, ukafuata mluzi. Mwembamba, kutoka chini kabisa.

Bi Kopo akasimama. Akangoja kingine, akiomba kiwe cha uongo. Kikaja, na mluzi ukawa mrefu kuliko wa kwanza.

Aligonga mlango mpaka nesi akaja, akiwa bado anafunga kamba za joho lake.

"Yule mwenzangu anaumwa," akasema Bi Kopo.

"Najua ana kifua, bibi. Kipimo chake kilikuwa safi, nitampa dawa ya kifua."

"Kile hakikuwa chake. Chake ndicho changu."

Nesi akashusha mabega. "Bi Kopo. Hakuna mtu wa upande huu ambaye hajaniambia kipimo si chake. Mzee Honi aliniambia ile ni pua ya kuazima."

"Mimi sisemi nitoke. Nasema yeye apewe dawa."

"Na usiku wa jana uliniomba uhamie kule kwenye chumba cha pembeni chenye feni. Nikuamini lipi?"

Bi Kopo akafungua mdomo, na uongo ukawa tayari, umepigwa pasi. "Vilianguka," akasema. "Upepo uliviangusha, nikaviokota, pengine nikavichanganya."

Nesi akakaza kamba za joho. "Kama vilianguka, basi hata wewe hujui kipi cha nani. Vipimo vimenibakia vichache. Tungoje daktari aje aamue."

"Anakuja lini?"

"Mwisho wa wiki."

Mwisho wa wiki. Ng'ambo ya kiwanja mluzi ukapita tena, na Bi Kopo akaona wazi kwamba uongo wake mzuri umemfungia mwenzake mlango. Akapiga moyo konde. Lilikuwa neno gumu kutoka kuliko jino la seremala.

"Havikuanguka," akasema. "Nilivisogeza. Kwa kidole hiki."

"Kwa nini?"

"Yeye alikuwa na miwili. Mimi nilikuwa na mmoja."

"Mistari?"

"Mimi ndiye mke mkubwa," akasema Bi Kopo, na kwa mara ya kwanza tangu afike pale aliangalia chini.

Nesi alikuwa na barakoa, kwa hiyo haikujulikana mdomo wake ulifanya nini. Macho yalifanya jambo moja, halafu yakafanya jingine. Alichosema ni kwamba kisa hicho hakuna mtu angeweza kukitunga. Akavua joho, akanawa, akavuka kiwanja karibu kwa kukimbia.

Aliwapima upya wote wawili, na safari hii hakuweka kitu mezani. Aliandika majina kwa kalamu nzito, akasimama na vipande mkononi mwanzo hadi mwisho, hata kengele ilipolia alimwita mhudumu aiendee. Kipande cha Bi Kopo kikatoka na mstari wake mmoja, mpweke vile vile. Cha Bi Mdogo hakikungoja. Mistari miwili ilijitokeza kana kwamba ilikuwa imechoka kubishiwa. Joto lake lilikuwa juu, na siku nzima alikuwa amekaa ukumbini akiwamiminia wenzake chai.

"Kosa ni letu sote wawili," nesi akamwambia Bi Kopo. "Mimi niliviacha bila jina." Halafu akaenda kuipima meza nzima ya chai, mmoja baada ya mwingine, nao wakampa pua zao kwa huzuni.

Bi Mdogo akaletwa nyuma akijishikilia ukutani, akawekwa chumba kilichopakana na cha Bi Kopo. Bi Kopo hakuruhusiwa kurudi mbele, maana alishalala na mgonjwa chumba kimoja; ikabidi abaki hapo akiangaliwa, na kidonge chake aendelee nacho. Madirisha yao yalikuwa bega kwa bega. Ukichomoza kichwa, unasikia kila kitu.

Akasikia nesi akisema, "Haya bibi, meza hiki. Tumeshachelewa, tusichelewe zaidi."

"Nani kasema nipewe?" Sauti ya Bi Mdogo ilikuwa imechakaa.

"Kipimo kimesema. Na Bi Mkubwa wako ndiye aliyenishtua. Amenisihi upewe haraka."

Kikombe kikasikika kikisukumwa.

"Basi sinywi."

"Bibi."

"Wewe ni mtoto, humjui. Mtu huyu aliwahi kunipa ndizi, mara moja tu, katika maisha yetu yote. Nilipoigeuza, chini ilikuwa imeoza. Leo anisihie nini? Kiondoe."

Bi Kopo akatoa kichwa dirishani. "Bi Mdogo, mwenzangu," akaanza, kwa sauti laini aliyokuwa hajaitumia miaka mingi, "kunywa mdogo wangu, ni dawa nzuri."

"Umesikia?" Bi Mdogo akamwambia nesi. "Umesikia anavyoniita? Ina sumu hiyo."

Nesi akambembeleza. Akamweleza homa, akamweleza mapafu, akamtaja mtoto wake. Bi Mdogo akafunga midomo, akajifunika blanketi, na chini ya blanketi kikohozi kikamkamata kikamtikisa, mluzi ukavuta, ukavuta. Kutoka chumba cha tatu Mzee Honi alisikika akisema, "Mlima huo, dada, mlima huo," naye akakohoa.

Bi Kopo alishika kizingiti cha dirisha. Upole haukumsaidia, na haikuwa ajabu, hata yeye asingeuamini. Akafikiri jinsi alivyokuwa akiuza sokoni mnunuzi anapoanza kukunja uso. Hakuwahi kubembeleza mtu. Alikuwa akilifunga gunia, kana kwamba maharage yameshapata mwenyewe.

"Nesi," akaita, sauti yake ileile ya kila siku, kavu kama bati. "Usimlazimishe. Kilete huku."

"Nini?"

"Hicho kidonge chake. Nitakimeza mimi, pamoja na changu. Viwe viwili. Na cha jioni pia, na cha kesho. Mimi ndiye mkubwa, ndiyo stahili yangu hasa. Yeye mpe maji ya dengu, anayapenda."

Kutoka dirisha la pili blanketi likasikika likifunuliwa.

"Lete haraka," Bi Kopo akaendelea, "kabla hajabadili mawazo."

"Nesi," akasema Bi Mdogo. "Maji yako wapi?"

Kikombe kikagonga meno machache yaliyobaki. Koo likashuka kwa mlio uliosikika mpaka kiwanjani.

"Umesikia, Bi Mkubwa?" Bi Mdogo akasema, akihema, na ushindi wote umo ndani. "Kimekwenda. Na cha jioni ni changu. Mwambie huyu nesi asikupitishie wewe kwanza."

"Nimesikia," akajibu Bi Kopo kwa uchungu wa mtu aliyeporwa mchana kweupe, akarudisha kichwa ndani upesi, kabla yule wa pili hajaanza kujiuliza mbona hakubisha zaidi.